Kalibu ya Nani? Historia ya Rojo la Karatasi na Bei ya Kuwa na Umbo Lako

Trei ya mayai hupita mikononi mwa watu wengi Afrika Mashariki bila kuangaliwa. Ni ya kijivu, inakwaruza kidogo vidoleni, upande mmoja laini kuliko mwingine, na ukiigeuzia mwanga utaona alama za wavu uliochuja maji yake. Mashimo matano kwa sita, mayai 30. Muuzaji wa jumla hahitaji kuhesabu, mnunuzi naye hahitaji kumshuku; bei hutajwa kwa trei na mazungumzo yanaendelea. Wajasiriamali wengi wanaouza asali, mafuta, sabuni, matunda au vyombo vya udongo huiona trei hiyo na kujiuliza swali la haki kabisa: kama kifungashio cha karatasi chakavu kinaweza kuwa rahisi hivi, kwa nini nikiomba nitengenezewe changu, chenye umbo la bidhaa yangu, naambiwa bei ya kutisha? Jibu halimo kwenye karatasi. Limo kwenye historia ya kazi hii, ambayo sasa imepita karne moja, na historia hiyo inaonyesha jambo moja kwa uthabiti: rojo la karatasi limekuwa rahisi pale tu umbo lilipokuwa la wengi. Anayetaka umbo la peke yake hulipia peke yake kile ambacho wenye mayai wa dunia nzima wamekuwa wakichangiana bila hata kufahamiana.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu ndani yake ndimo gharama zilimo. Karatasi chakavu, magazeti ya zamani, maboksi na mabaki ya viwanda vya uchapaji, hulowekwa na kuvurugwa ndani ya pipa kubwa lenye mapanga mpaka nyuzi zake ziachane. Rojo hilo huongezwa maji mpaka nyuzi zibaki kama asilimia 1 tu, mchanganyiko mwepesi unaokaribia maji ya kuoshea vyombo. Kalibu yenye matundu, iliyovikwa wavu mwembamba wa chuma, huzamishwa humo. Pampu hufyonza maji kupitia wavu, na nyuzi hubaki zimejitandaza juu yake kwa unene wa milimita chache. Kalibu ya pili huja kukipokea kile kilichofinyangwa na kukivua kutoka kwenye ya kwanza. Trei ya mayai 30 ikishakauka huwa na uzito wa gramu 70 hivi, lakini inapotoka kwenye kalibu imebeba maji ya gramu 150 hadi 200. Maji hayo lazima yaondoke, kwa jua au kwa tanuri, na kila kilo ya maji inayogeuka mvuke hula zaidi ya megajuli 2 za joto, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Mtengenezaji, kwa hiyo, huuza vitu vitatu kwa pamoja: karatasi, moto na umbo. Karatasi ndiyo inayoonekana. Moto humuumiza kila siku. Umbo humgharimu mara moja, kabla hajauza hata kipande kimoja, na ndilo linalopandisha bei ya mteja mwenye oda ndogo.

Kalibu ya kazi hii haifanani na ile ya matofali ambayo fundi hupigilia mbao nne ikawa tayari. Ni chuma kilichochongwa kwa vipimo vya karibu sana, kikatobolewa matundu mengi ili maji yanyonywe sawasawa kila mahali, kisha wavu ukakandamizwa ufuate kila bonde na kila kilima bila kuacha mkunjo. Mkunjo mmoja wa wavu huacha mahali pembamba, na pembamba ndipo patakapopasuka. Tena mashine kubwa huzungusha kalibu kadhaa zilizo sawa, moja inazama huku nyingine inavuliwa, hivyo anayetaka umbo jipya hutakiwa kugharamia ukoo mzima wa kalibu, za kufinyangia na za kupokelea, na kama anataka kifungashio laini pande zote mbili ataongeza na zile za kukandamiza kwa moto. Juu ya hayo kuna saa ambazo mashine itasimama ili kalibu za zamani zifunguliwe na mpya zifungwe. Chukua hesabu ya mfano tu. Tuseme seti ya kalibu ni shilingi milioni 40 za Tanzania. Mwenye oda ya vipande 5,000 atakuwa amebeba shilingi 8,000 za kalibu katika kila kipande, kabla ya karatasi na moto. Mwenye vipande 50,000 atabeba 800. Mwenye milioni 2 atabeba 20. Mashine ni ileile na wafanyakazi ni walewale. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaobeba umbo moja.

Haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1903 Martin Keyes alianzisha Keyes Fibre Company huko Shawmut, jimbo la Maine nchini Marekani, katika nchi ya misitu na mito iliyokuwa na viwanda vya kusaga mbao kuwa rojo la karatasi. Hadithi inayosimuliwa juu yake ni kwamba alipata wazo baada ya kuwaona wafanyakazi wa kiwanda cha mbao nyembamba wakila chakula cha mchana juu ya vipande vya mabaki ya mbao. Alichotaka kutengeneza ni sahani ya kutumia na kutupa. Bidhaa aliyoingia nayo sokoni ilikuwa sahani ya pai, ile ambayo mwokaji huuza pamoja na pai yenyewe. Ukitafakari uchaguzi huo utaona akili yake ya kibiashara. Keyes hakuwaendea waokaji akawauliza kila mmoja anataka umbo gani. Pai za Marekani zilikuwa duara tayari, kwa ukubwa uliozoeleka, kwa hiyo kalibu moja iliweza kumhudumia mwokaji wa Boston na mwenzake wa New York, na wateja wao wote. Mashine yake ilikuwa mpya, lakini umbo lake lilikuwa la zamani, tena la kila mtu. Ndiyo maana kampuni iliweza kuvumilia miaka ya mwanzo, ambapo mashine mpya hula fedha kuliko inavyozirudisha.

Miaka michache baadaye, mbali sana na Maine, tatizo la mayai lilipata jibu lake. Mwaka 1911 Joseph Coyle, mwenye gazeti katika kijiji cha Aldermere, bonde la Bulkley, British Columbia nchini Kanada, alijikuta karibu na ugomvi wa mkulima na mwenye hoteli. Mayai yalikuwa yakifika yamevunjika na kila upande ukimlaumu mwenzake. Waswahili wana msemo kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na msemo huo unaeleza vizuri kwa nini vifungashio vibovu hudumu: anayebeba hapati hasara ileile anayoipata anayelipa. Pale Aldermere hakuna aliyepata nafuu. Coyle akabuni kikasha cha karatasi chenye vyumba, kila yai peke yake, akapata hataza mwaka 1918. Mwanzoni vilitengenezwa kwa mkono, na kwa mkono bei haishuki. Ilibidi abuni na mashine pia. Kikasha chake kilikuwa cha karatasi ya kukunjwa. Rojo lililofinyangwa lilikuja kuchukua nafasi hiyo baadaye, kwa sababu kalibu hufanya kwa tendo moja kile ambacho mikunjo na gundi hufanya kwa matendo mengi. Lakini wazo lililobaki hai hadi leo ni la Coyle: yai lisimame ndani ya chumba chake, lisigusane na jirani.

Denmark inatufundisha zaidi, na napenda kukaa hapo kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 wakulima wadogo wa Denmark walikuwa wakiuza mayai Uingereza kupitia wafanyabiashara, na mayai yao yalikuwa na sifa mbaya kwa sababu mabovu yalichanganywa na mazuri na hakuna aliyejua la nani ni lipi. Mwaka 1895 walianzisha ushirika wa kusafirisha mayai. Sharti lake lilikuwa kwamba kila yai ligongwe muhuri wenye namba ya chama na namba ya mkulima. Yai bovu likionekana, namba ilimrudisha mkaguzi hadi kwenye banda lilikotoka, na mkulima huyo akatozwa faini. Kwa wino wa senti chache, mkulima mwenye kuku 30 alipata jina katika soko la nchi nyingine. Kisha mwaka 1936 kampuni ya ndugu watatu wa Hartmann, iliyoanzishwa Lyngby mwaka 1917, ikaanza kutengeneza vifungashio vya mayai kwa nyuzi za karatasi zilizofinyangwa. Iliingia katika nchi ambayo tayari ilikuwa na mayai mengi yaliyopangwa kwa daraja na kusafirishwa kwa utaratibu mmoja. Nadhani mpangilio huo wa miaka una maana. Makubaliano ya wakulima yalitangulia kwa miaka 40, kalibu ikafuata. Kama kila mkulima wa Denmark angejenga sifa yake kwa kikasha chake, kiwanda kingekuta maelfu ya maumbo, na hakuna hata moja lenye wingi wa kulipia kalibu.

Hata hesabu ya 30 ina ukoo. Kasha la kawaida la mayai Marekani lilikuwa la dazeni 30, yaani mayai 360, na trei 12 za mayai 30 hutimiza idadi ileile. Trei tupu huingiana, mia moja zikachukua nafasi ndogo garini. Zikijazwa hupandana, yai likisaidia kubeba uzito wa trei ya juu. Umbo hilo lilipofika kwetu pamoja na kuku wa kisasa wa mayai, lilikuta masoko yanayojua vizuri kipimo ni nini. Watu waliozoea kibaba na pishi hawakuhitaji kufundishwa kwamba chombo kinaweza kuwa hesabu. Na walikuwa wameshaona kifungashio cha mgeni kikigeuka kipimo cha mwenyeji: debe. Mafuta ya taa yaliuzwa katika masoko ya Bahari ya Hindi ndani ya makopo ya bati, mawili katika kasha moja la mbao, kila kopo lita 18 na zaidi kidogo. Mafuta yakaisha, kopo likabaki, likawa la maji, la mahindi, la maharage, na bati lake likaezeka nyumba. Mwaka 1892 Marcus Samuel wa London alipopitisha meli ya Murex katika mfereji wa Suez ikiwa imebeba mafuta ya taa bila makopo, alitarajia unafuu wa bei utamshindia soko la Asia. Wanunuzi walilitaka kopo pia, na ilimbidi apeleke mabati yakatengenezewe makopo hukohuko. Gharama ya debe ililipwa na biashara ya mafuta. Biashara nyingine zote zilizolitumia baadaye zilirithi umbo bila kulipia kalibu.

Vifungashio vya kwetu vya zamani vilikuwa na hesabu tofauti, na ni vizuri kuitaja ili tusidhani kwamba ufinyanzi wa kiwandani ndiyo njia pekee iliyowahi kuwa na akili. Mwangushaji nazi alisuka pakacha chini ya mnazi, kwa kuti la mnazi huohuo, kwa ukubwa wa mzigo wa siku hiyo, na mzigo ukifika pakacha lilitupwa. Hapo kila kifungashio kilikuwa cha umbo la pekee na bado kilikuwa rahisi, kwa sababu kalibu ilikuwa mikono ya msukaji na mikono hiyo haikuhitaji kubadilishwa kwa kila umbo. Kanda, kikapu na jamvi la kufungia bidhaa vilikuwa hivyohivyo. Kiwanda kiligeuza uwiano huo: kazi ya kila kipande ikashuka karibu na sufuri, na kazi ya umbo ikapanda na kulimbikizwa yote mwanzoni. Anayeingia kiwandani akiwa na matarajio ya msusi wa pakacha, kwamba unaomba umbo unalolitaka na unalipia vipande unavyovihitaji, ataumia. Na hali hii ilikuwepo muda mrefu kabla ya wafanyabiashara wadogo wa leo kuanza kulalamika kwamba viwanda vinawadharau kwa kuwawekea kiwango cha chini cha oda.

Pingamizi la kwanza ni la nyenzo, na nimelisikia likisemwa na watu makini. Tuna katani, tuna miwa, tuna maganda ya mazao. Nyuzi zimejaa, basi bei itashuka tukiacha kutegemea karatasi. Ni kweli nyuzi zimejaa. Jani la mkonge hutoa nyuzi za asilimia 4 hivi ya uzito wake na mengine yote huachwa kama taka. Tanga na Morogoro wanalijua hilo tangu zao lenyewe lilipoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ambaye kati ya miche elfu moja aliyoagiza alifanikiwa kupanda 62 tu iliyosalimika. Lakini nyuzi za bure si za bure zikishatafutiwa kazi. Makapi ya miwa, ambayo ni robo au zaidi ya uzito wa muwa uliosagwa, huchomwa kwenye matanuri ya viwanda vya sukari vyenyewe na kuwapa mvuke na umeme. Kiwanda kikiyauza kitahitaji kununua nishati nyingine. Karatasi chakavu nayo ina wanunuzi wake. Hata Pan African Paper Mills, kiwanda cha karatasi cha Webuye, Kenya, kilichowahi kuwa tegemeo la mji mzima, kilifungwa mwaka 2009, na mkoa wenye misitu tele haukuokolewa na misitu hiyo. Hata nyuzi zikipatikana kwa bei ya chini kabisa, moto wa kukaushia unabaki palepale na kalibu inabaki palepale. Unapunguza sehemu ndogo ya bili na kuziacha kubwa mbili.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: umbo la pekee hulinda bidhaa vizuri, na hasara ya kuvunjika ni gharama pia. Silikatai, na historia hailikatai. Mwaka 1991 Ujerumani ilitoa kanuni zilizowabebesha watengenezaji na wauzaji jukumu la kuchukua vifungashio vyao vikishatumika. Povu jeupe la plastiki lililokuwa likijazwa kwenye maboksi ya vifaa vya umeme likageuka mzigo wa aliyeliuza. Katika miaka iliyofuata, rojo la karatasi lililofinyangwa kufuata kona za printa au simu lilipata soko ambalo halikuwa nalo kabla. Huko umbo la pekee lilistahili kabisa, kwa sababu modeli moja ya printa huuzwa kwa mamia ya maelfu na thamani ya kila moja ni kubwa kuliko kifungashio mara nyingi. Ila tazama kilichobadilika pale Ujerumani. Sheria haikushusha bei ya kalibu. Iliongeza bei ya povu kwa kumtaja mtu wa kuilipa. Kabla ya hapo bei hiyo ilikuwepo, ikilipwa na manispaa na majalala.

Na hata penye haja ya kulinda kitu kwa karibu, kuna njia ya katikati, ambayo wafungaji matofaa wa Marekani waliijua zamani. Boksi la matofaa la kilo 18 lina vipimo vya nje visivyobadilika. Ndani yake huwekwa trei za rojo zilizofinyangwa kwa idadi tofauti: boksi la matunda 72 makubwa, la 88, la 100, la 113, hadi 138 madogo. Mashimo yanabadilika, ukingo haubadiliki. Mkulima hamiliki trei; anamiliki tofaa lake na daraja lake, na kiwanda kimoja huwauzia wakulima wote wa bonde trei zilezile. Huo ndio ulinzi wa karibu, lakini umegawanywa. Kwetu yai la kuku wa kienyeji hucheza kidogo ndani ya shimo lililochorwa kwa yai la kuku wa kisasa, na wauzaji wamelikubali hilo, wengine wakilikaza kwa kipande cha gazeti, kwa sababu wanajua bila kuandika hesabu kwamba yai moja likipasuka katika trei ni nafuu kuliko kalibu.

Wengine watasema: na jina? Bidhaa isiyo na sura yake sokoni hupotea. Hapa ndipo muhuri wa Denmark unapojibu. Jina la mkulima lilikaa kwenye yai kwa wino, si kwenye kasha. Chapa, lebo, utepe, rangi ya karatasi ya juu, hata muhuri wa moto kwenye rojo likiwa bado bichi, vyote hubeba jina kwa gharama inayolingana na idadi ya bidhaa. Kalibu ya pekee hubeba jina kwa gharama isiyojali idadi. Asali inayouzwa kandokando ya barabara za Tabora ndani ya chupa zilizokwisha kutumika, na mafuta ya alizeti ya Singida ndani ya chupa za maji na madumu, vinanunuliwa na watu wanaojua vizuri wanachokinunua. Tatizo la chupa hizo ni usafi na kuaminika, tena ni tatizo kubwa. Lakini halitatuliwi kwa kila mrina asali kuwa na umbo lake.

Kuna pingamizi la teknolojia, kwamba leo kalibu zinaweza kuchapishwa kwa mashine za umbo la pande tatu, kwa siku chache na kwa plastiki ngumu badala ya chuma. Hili ni jema na litasaidia majaribio: mtu ataweza kushika kifungashio chake mkononi kabla ya kutoa fedha nyingi. Lakini kalibu ya namna hiyo huchakaa mapema, moto wa kukaushia haujaguswa, na mashine bado husimama wakati wa kubadilisha. Gharama ya umbo itapungua, haitatoweka.

Kuhusu sheria zetu wenyewe, Zanzibar ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikafuata kwa sheria ya 2008, Kenya ikaanza utekelezaji tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu kali kuliko nyingi duniani, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kila mara wafanyabiashara walitafuta mbadala kwa haraka, na kila mara wengi waliishia na mbadala wa kuagiza kutoka nje. Naamini marufuku hizo zilikuwa za haki. Mifereji iliyozibwa na mifuko na ng'ombe waliokufa na plastiki tumboni walikuwa wanalipa gharama ambayo dukani haikuandikwa. Lakini sheria inaweza kukataza nyenzo kwa siku moja, na haiwezi kuleta umbo la pamoja kwa siku moja. Hilo linahitaji watu wa biashara moja kukaa na kukubaliana vipimo, kazi isiyo na sherehe wala picha za gazeti.

Makubaliano ya vipimo yana faida nyingine ambayo hutajwa mara chache na ambayo mimi naiona kubwa kuliko ya bei. Kifungashio kisicho na umbo thabiti huwa silaha ya mwenye nguvu. Mkulima wa viazi au vitunguu anajua lumbesa: gunia lililoshindiliwa, likaongezwa kilemba cha juu na kufumwa kwa kamba, linalobeba zaidi ya gunia na kulipwa kama gunia. Wakala wa Vipimo nchini Tanzania imepambana nalo kwa miaka, na Kenya iliweka mwaka 2019 kanuni za viazi zenye ukomo wa kilo 50 kwa kifungashio. Bado linaendelea, kwa sababu gunia ni laini na linakubali. Trei ya mayai haikubali lumbesa. Yai la 31 halina pa kukaa. Mfugaji wa kuku 200 asiye na mizani wala wakili analindwa na mashimo 30 kila siku sokoni, na ulinzi huo unatokana hasa na ukweli kwamba trei yake ni sawa na ya kila mtu. Angekuwa na trei yake ya pekee, mnunuzi angeomba kuhesabu upya.

Sitasema kwamba trei hiyo haina kasoro. Haioshwi. Ikizunguka kutoka banda hadi banda hubeba kinyesi na vumbi, na ugonjwa wa kideri haujali kama kilichoubeba ni kiatu cha mgeni au trei ya mkopo. Trei ya plastiki huoshwa na kudumu miaka, na shamba kubwa lenye mzunguko wake lenyewe lina sababu nzuri ya kuichagua. Katika soko la mikono mingi, ambapo trei hairudi ilikotoka, trei ya karatasi inayotumika mara moja ni salama zaidi, na ili itumike mara moja lazima ibaki rahisi. Umbo la pamoja ndilo linaloiweka katika bei hiyo, na ndilo linalompa mfugaji uwezo wa kuitupa.

Tufikirie sasa warina asali wa wilaya moja wanaotaka kusafirisha asali kwenye chupa za kioo bila kuvunjika. Wakienda kiwandani mmoja mmoja, kila mmoja na chupa yake, watarudishwa na bei ya kalibu. Wakienda pamoja wakiwa bado na chupa aina tano, watarudishwa vilevile, maana rojo hufuata kitu kinachobebwa. Hatua yao ya kwanza iko mbali na karatasi kabisa: kuchagua chupa moja ya nusu lita, ya kawaida, ambayo kiwanda cha kioo tayari kinaitengeneza kwa wateja wengine, na kuandika katika masharti ya chama chao kwamba asali ya chama haitoki ndani ya chupa nyingine. Hatua ya pili ni boksi la nje lenye vipimo vinavyojaza bila pengo gari wanalolitumia. Wakishakuwa na hivyo viwili, trei ya chupa 12 itakuwa na idadi ya kutosha kuipigia hesabu, kalibu itaandikwa jina la chama katika mkataba ili kiwanda kisiizuie wakitaka kuhamia kwingine, na mrina mwenye mizinga kumi atalipia sehemu inayolingana na mizinga yake kumi tu.